Mjusi mkia-bluu wa kisiwa cha Christmas: waliokamatwa mapema na waliosubiriwa

Kisiwa chenyewe kinaitwa Christmas, kipo kwenye Bahari ya Hindi hii hii yetu ila upande wa pili kabisa, kusini mwa Java. Kiutawala ni cha Australia lakini jirani yake hasa ni Indonesia, Java iko kama kilomita 350 tu wakati bara la Australia liko zaidi ya kilomita 1,500. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 135 hivi, Unguja inakizidi zaidi ya mara kumi. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa na mijusi wa asili aina tano, na wanne kati ya hao hawakuwepo sehemu nyingine yoyote duniani. Leo ukiingia msituni usiku na tochi utamkuta mmoja tu, mjusi kafiri mkubwa wa kule. Mwingine kaisha kabisa duniani, wawili wapo hai kwa sababu tu kuna watu wanawalea, na wa tano, yule wa pwani, anapatikana bado visiwa vingine vya Asia ila hapo Christmas hayupo tena.

Kinachoniuma kwenye hiki kisa ni kwamba vile visababu tulivyozoea kuvisikia havipo. Hakuna vita pale, hakuna watu walioingia msituni kukata mkaa, na Australia sio nchi ya kukosa hela ya kulipa askari wa wanyamapori. Hifadhi ya taifa ilianzishwa 1980, ikapanuliwa baadaye, na leo inachukua karibu theluthi mbili ya kisiwa. Msitu upo, umesimama, mvua inanyesha, kaa wekundu kwa mamilioni bado wanashuka kila mwaka kwenda baharini kutaga mpaka barabara zinafungwa. Na katikati ya msitu huo huo mzuri mijusi wakaisha, kimya kimya, wakati kila mtu anaamini wako salama kwa vile mahali pao pamelindwa.

Nianze na mwenyewe. Mjusi mkia-bluu, jina la kisayansi Cryptoblepharus egeriae, hiyo egeriae imetokana na meli ya Kiingereza HMS Egeria iliyofika pale 1887 ikiwa na mwanasayansi anaitwa J. J. Lister aliyekusanya wanyama na mimea ya kisiwa. Ni mjusi mdogo, ukiacha mkia mwili wake hauzidi urefu wa kidole, mgongo mweusi una mistari ya njano, alafu mkia bluu iliyokolea ile ya kung'aa juani. Anatembea mchana, anapanda miti na kuta na mawe, anakula wadudu. Jike hutaga mayai mawili tu kwa mkupuo. Mwenzake kwenye kisa hiki ni mjusi kafiri wa Lister, Lepidodactylus listeri, yeye ni wa usiku, rangi ya kahawia iliyofifia, ndo aliyepewa jina la yule mwanasayansi. Huyu wa Lister hana rangi za kuvutia kamera kwahiyo kwenye habari anatajwa mwishoni kila mara, ila kwangu wana uzito sawa kabisa.

Mwaka 1979 mtaalamu wa reptilia wa Australia, Harold Cogger, alifanya uchunguzi pale kisiwani na mkia-bluu walikuwa wa kawaida mno, wapo msituni, wapo kwenye bustani za watu, wapo kwenye kuta za nyumba. Ni mnyama ambaye mtoto wa pale anakua akimuona kila siku. Na hapo ndipo tatizo la kwanza lilipojificha, maana mnyama wa kawaida hakuna anayemhesabu. Bajeti inakwenda kwa kaa, kwa ndege wakubwa wa baharini, kwa vitu ambavyo watalii wanavijia. Mjusi wa ukutani nani amuwekee daftari?

Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kupungua, na walipungua kwa mpangilio. Walianza kupotea kaskazini-mashariki, ambako kuna bandari na makazi ya watu, alafu upotevu ukasogea kwenda ndani ya kisiwa na magharibi, mwaka hadi mwaka, mpaka ilipofika 2008 na 2009 waliobaki walikuwa wamebanwa kwenye kipande kidogo cha pembe ya kusini-magharibi. Ukiweka hiyo picha kwenye ramani unaona kabisa kwamba kuna kitu kimeshuka bandarini na kinatembea. Lakini ramani hiyo iliweza kuchorwa vizuri baadaye tu, baada ya watu kukaa chini wakakusanya rekodi zote za miaka iliyopita, wakati mambo yanatokea kila mtu alikuwa na kipande chake cha taarifa.

Kwenye orodha ya washukiwa walikuwepo wengi. Kuna sisimizi wa njano, wale wanaojenga makoloni makubwa mno na kuua kaa kwa tindikali yao, hao ndio waliojulikana zaidi na hela nyingi ya kupambana ilienda kwao. Kuna paka wa mwituni, kuna panya weusi. Kuna tandu wakubwa wageni, Scolopendra subspinipes, tandu anayeweza kumla mjusi mzima mzima. Kuna wazo la ugonjwa, na wazo hilo halikuwa la kupuuza kwa sababu kisiwa hiki hiki kilishapoteza panya wake wawili wa asili mwanzoni mwa karne ya 20, na utafiti wa DNA kutoka kwenye ngozi za makumbusho ulionyesha kwamba panya weusi walioletwa na meli walikuja na vimelea vya damu vilivyowaingia wale wa asili. Na kuna nyoka.

Huyo nyoka anaitwa kisayansi Lycodon capucinus, nyoka mwembamba wa kahawia wa Asia ya kusini-mashariki, kwa binadamu hana shida yoyote. Alionekana kisiwani kwa mara ya kwanza 1987, na inaaminika aliingia kwenye mizigo ya meli. Kabla yake kisiwa hakikuwa na nyoka wa kula mijusi, nyoka wa asili pale ni mmoja tu, yule kipofu anayeishi ardhini na kula vijidudu. Sasa fikiria vizuri jinsi hiyo silaha ya mkia bluu inavyofanya kazi. Ndege au mwewe akimvamia mjusi mchana jicho lake linavutwa na ile bluu, anadonoa mkia, mkia unakatika na kuendelea kurukaruka chini, mwenyewe anakimbia na baada ya muda anaota mwingine. Ni ulinzi mzuri kabisa dhidi ya adui anayeona rangi mchana. Lakini huyu nyoka anawinda usiku, anaingia taratibu kwenye nyufa za magome na mawe ambamo mkia-bluu amelala, anamkuta na kummeza. Rangi haina kazi gizani, na mjusi aliyezaliwa kwenye ukoo ambao haujawahi kuishi na nyoka wa aina hiyo hana hata hisia ya kukimbia harufu yake.

Watafiti waliorudi nyuma kuupitia ushahidi wote pamoja, wakalinganisha wakati kila mgeni alipoingia, alipoenea, na jinsi mijusi walivyopotea, walimwona nyoka huyu ndiye anayelingana zaidi na kilichotokea. Tandu na wengine huenda waliongeza, ila mchoro wa kuenea kutoka bandarini baada ya miaka ya 1980 ni wake. Na kuna jambo linaloumiza zaidi hapa: kwa kawaida mwindaji akimaliza chakula na yeye hupungua, mawindo yakapata nafuu kidogo. Pale haikuwa hivyo kwa sababu kisiwa kina pia mijusi kafiri wageni wa Asia, wale wa kwenye taa za nyumba, na hao wanazaliana haraka na wameshazoea kuishi na nyoka. Wao ndio chakula cha kila siku cha nyoka. Kwahiyo nyoka anabaki kuwa wengi hata wakati mkia-bluu wamebaki wachache, na kila mkia-bluu anayebaki anakutana na kundi lile lile la nyoka wenye afya na shibe. Mgeni mmoja anamlisha mgeni mwingine na mwenyeji anamalizikia katikati.

Sasa tufike 2009, mwaka ambao kila kitu kwenye kisa hiki kinaamuliwa, na ili kuuelewa inabidi niongelee kwanza popo.

Kisiwa cha Christmas kilikuwa na kipopo chake, kidogo mno, uzito wa gramu tatu na kitu, asiyepatikana kwingine. Wanasayansi walikuwa wamemfuatilia miaka mingi kwa vifaa vya kunasa sauti yake na walikuwa wanaona kabisa mstari unashuka. Wakaomba, tena zaidi ya mara moja, waruhusiwe kukamata waliobaki na kuwazalisha kwenye mabanda. Majibu yakawa ni mchakato, tathmini, je inawezekana kitaalamu, je gharama, je sababu ya kupungua imejulikana. Mwanzoni mwa 2009 kwenye lile pango la mti la mwisho lililojulikana kulikuwa na popo wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ruhusa ilitoka Julai 2009. Timu ikafika Agosti na nyavu zake na kumpata, kwa sauti tu, popo mmoja. Hawakufanikiwa kumkamata. Sauti ya mwisho ilinaswa tarehe 26 Agosti 2009, kuanzia hapo vifaa havikunasa kitu.

Nimelitafakari sana hili la popo na sioni namna ya kulieleza kwa upole. Watu wenye ujuzi walisema, wakasikilizwa, na jibu sahihi likaja wiki chache baada ya muda wake kuisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila ofisi iliuliza swali ambalo kwenye karatasi ni la haki kabisa, na jumla ya maswali ya haki ikawa ni kifo cha spishi.

Kwa mijusi ikawa tofauti, na ninaamini mshtuko wa popo ulisaidia kufungua macho. Mwaka huo huo wa 2009 watu wa hifadhi walianza kukamata mkia-bluu waliobaki bila kusubiri kujua kwa uhakika nani muuaji. Mjusi wa Lister hakuwa ameonekana kwa miaka mingi sana na wengi walishamhesabu kama marehemu, lakini 2009 hiyo hiyo akapatikana tena, na wakaanza kumkamata naye. Jumla walipata mkia-bluu 66 na mijusi wa Lister 43. Hao ndio waanzilishi, kila mkia-bluu na kila Lister aliyepo duniani leo ni mjukuu au kitukuu wao. Mkia-bluu wa mwisho porini alionekana 2010. Lister wa mwisho porini 2012. Yaani dirisha lilikuwa la mwaka mmoja mpaka mitatu hivi. Wangeamua 2011 badala ya 2009 nisingekuwa na kisa cha kuandika, ningeandika taarifa ya msiba.

Na msiba kweli upo. Kulikuwa na mjusi wa msituni, Emoia nativitatis, mkubwa kidogo, mwenye mwili wa kahawia inayong'aa. Naye alikuwa ameenea kila kona wakati wa uchunguzi wa 1979. Walipoanza kumtafuta kwa ajili ya kumlea walipata majike tu, dume halikuonekana pamoja na kutafuta na kutafuta. Jike la mwisho waliliita Gump. Liliishi kwenye banda lake peke yake, likitunzwa vizuri na watu waliojua kabisa wanamtunza nani, wakiendelea kutumaini kwamba kuna siku mtu atarudi kutoka msituni na dume kwenye mfuko. Gump alikufa tarehe 31 Mei 2014. Mwaka 2017 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, likatangaza rasmi kuwa spishi hiyo imetoweka, pamoja na yule popo, na mkia-bluu na Lister wakawekwa kwenye kundi la waliotoweka porini.

Kwahiyo ndani ya kisiwa kimoja, ndani ya miaka michache, una majaribio mawili karibu yaliyofanana: wanyama wanapungua, sababu haijathibitishwa, kuna wazo la kuwakamata. Upande mmoja walisubiri, upande mwingine wakakamata. Kwa mjusi wa msituni nao walikubali kukamata ila alishabaki mmoja mmoja. Sijui ushahidi gani zaidi mtu angehitaji.

Kuna watu husema kuwaweka wanyama bandani ni kuwafanya mapambo, na ni afadhali hela iende kwenye chanzo cha tatizo. Naielewa hiyo hoja na sehemu nyingine nyingi ni ya kweli. Ila hapa chanzo kilikuwa hakijulikani kwa uhakika na hata kilipojulikana hakuna dawa yake mpaka leo. Huwezi kutega nyoka mwembamba anayejificha kwenye nyufa, kwenye kisiwa cha msitu mnene na majabali ya chokaa na mapango, ukategemea kumaliza mpaka wa mwisho. Kule kisiwa cha Guam, Bahari ya Pasifiki, Wamarekani wamepambana miongo mingi na nyoka wao mgeni, yule wa miti aliyemaliza ndege wa msituni, na bado nyoka yupo. Kwa hiyo banda ndio lilikuwa njia pekee ya kupata muda.

Sehemu ya mijusi ilibaki kisiwani kwenye kituo wanachokiita Pink House, kwenye mabanda yaliyojengwa ili nyoka na tandu wasipenye, na sehemu nyingine ikapelekwa Taronga Zoo kule Sydney mwaka 2011. Kuwagawa sehemu mbili ni jambo la akili sana, maana moto au ugonjwa au hata hitilafu ya umeme isiwamalize wote siku moja. Kazi ya ndani yenyewe ni ya uvumilivu: kupanga makundi ili ndugu wasizaliane wao kwa wao, kuangulia mayai, kutafuta wadudu wadogo wa kutosha kila siku, kuandika nani kazaa na nani. Kutoka 66 mkia-bluu wakavuka elfu moja. Lister nao wakapanda vizuri.

Alafu 2014 likaja jingine. Kwenye mabanda ya kisiwani baadhi ya mijusi wakaanza kuvimba uso na kichwa, vimbe zinakua mpaka zinaharibu umbo, bakteria wanaingia mpaka viungo vya ndani na mnyama anakufa. Ilikuwa ni bakteria mpya ambaye hakuwahi kuelezwa na sayansi, baadaye akaitwa Enterococcus lacertideformus, na ameonekana pia kwa mijusi kafiri wageni wa hapo kisiwani. Ni kwamba hata ndani ya banda, nyuma ya wavu, wale wageni wa kwenye taa wanaweza kuwafikia. Uzuri ni kwamba Sydney hakukuwa na maambukizi hayo, na huo mgawanyo wa sehemu mbili ukaonyesha thamani yake. Ila ilikuwa ni onyo kwamba banda sio maskani ya milele, kila mwaka wanaokaa humo ni mwaka wa kucheza na bahati.

Swali likawa wapeleke wapi. Nyumbani kuna nyoka. Kuwaachia pale pale ni kuwalisha nyoka tu.

Jibu walilolichagua ni visiwa vya Cocos (Keeling), na hapa ndo kisa kinakuwa na mjadala wa kweli. Cocos navyo ni vya Australia, viko karibu kilomita 1,000 kutoka Christmas kuelekea magharibi, ni visiwa 27 vya matumbawe, vidogo na tambarare, jumla ya ardhi yote ni kilomita za mraba 14 hivi. Wanaishi watu mia tano sita, kwenye visiwa viwili tu, na wengi wao ni Wamalei Waislamu ambao babu zao waliletwa kufanya kazi kwenye mashamba ya minazi. Visiwa vingine vinabaki na minazi, kaa na ndege. Huyo nyoka hayupo. Mwaka 2019 mkia-bluu waliachiwa Pulu Blan, kisiwa cha hekta chache tu, na 2020 wengine wakapelekwa Pulu Blan Madar, mamia ya mijusi kwa jumla. Tandu wageni walishafika Cocos pia, kwahiyo kabla ya kuachia ilibidi timu ipite Pulu Blan kupunguza tandu, kazi ya usiku ya kuwatafuta na kuwatoa, na sidhani kama kuna picha iliyopigwa inayoonyesha kazi hiyo inavyostahili heshima.

Na wakazaa. Watoto wa mkia-bluu wakaonekana wakizaliwa nje, chini ya majani ya minazi, bila mtu kuwalisha, kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka kumi. Nilipolisoma hilo nilifurahi sana, nakiri wazi.

Ila tuwe wakweli, Cocos sio kwao. Mkia-bluu hawajawahi kuishi pale. Wahifadhi wengi walikulia kwenye kanuni moja kubwa: usipeleke mnyama mahali ambapo hakuwepo. Na kanuni hiyo ilizaliwa kwa machungu, sisi huku Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa, tunao kunguru walioletwa Unguja miaka ya 1890 na leo wamejaa pwani nzima wakivamia viota vya ndege wengine, tunaye sangara aliyewekwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na aina nyingi sana za furu zikapotea baada yake. Kwahiyo mtu akisema "mnataka kutibu uvamizi kwa kufanya uvamizi mwingine?" hilo ni swali la heshima na lijibiwe.

Jibu langu ni hili. Kunguru na sangara waliletwa kwa manufaa ya watu bila mtu kuuliza wataathiri nani. Mkia-bluu alipelekwa kwenye kisiwa kidogo kisichokaliwa, chenye mimea iliyokwisha kubadilishwa na mashamba ya minazi, anakula wadudu wadogo, hazalii kwa mkupuo mkubwa, na visiwa vilichaguliwa baada ya kupimwa. Na kama mambo yataharibika, kumuondoa mjusi mdogo wa mchana kwenye hekta mbili tatu ni kazi inayofanyika. Hatari ipo lakini ina mipaka. Hatari ya kutofanya kitu haina mipaka, tumeiona kwa Gump. Ninachokataa ni mtu kulichukua hili kama ruhusa ya jumla, kwamba sasa kila mnyama aliyebanwa ahamishiwe popote. Kila kisiwa kipimwe peke yake.

Kingine kinachonipa wasiwasi zaidi ni bahari. Visiwa vya Cocos vimeinuka mita chache tu juu ya maji. Kimbunga kimoja kibaya kinaweza kufagia kisiwa kama Pulu Blan, na maji ya bahari yanapanda. Tumewatoa kwenye kisiwa chenye milima ya zaidi ya mita 300 ambacho kina nyoka tukawaweka kwenye mchanga usio na nyoka lakini ulio sawa na mawimbi. Ndio maana inabidi viwe visiwa vingi, visiwe viwili tu, na ndio maana mabanda ya Christmas na Sydney hayawezi kufungwa eti kwa sababu wameshaachiwa.

Hapa lazima nimtaje chura wetu wa Kihansi, maana nchi yetu imepita njia hii hii. Chura yule wa Udzungwa aligunduliwa 1996, anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu, bwawa la umeme likachukua maji, manyunyu yakaisha. Mwaka 2000 wakakamatwa 499 wakapelekwa Marekani kwenye zuu za Bronx na Toledo. Porini wakaisha, 2009 IUCN ikamtangaza ametoweka porini, na kuanzia 2012 wakarudishwa bondeni kwao. Ukilinganisha, uamuzi ulikuwa ule ule: kamata kwanza wakati bado wapo, maswali mengine yatajibiwa baadaye. Tofauti ni kwamba Kihansi chanzo kilikuwa maji, na maji unaweza kuyarudisha, waliweka mabomba ya kunyunyizia wakatengeneza manyunyu ya bandia. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ndio umebaki kuwa kitisho. Mkia-bluu hana bomba la kufungulia. Bonde lake lipo, limejaa miti, ila ndani yake kuna maelfu ya nyoka.

Kuna hatua nyingine zinaendelea kisiwani Christmas ambazo sio za mijusi moja kwa moja. Wamekuwa wakiwaondoa paka wa mwituni, na Desemba 2016 waliachia nyigu mdogo sana kutoka Malaysia anayeshambulia wadudu gamba wanaowapa sisimizi wa njano sukari, ili sisimizi wakose chakula badala ya kunyunyiziwa sumu kila mwaka. Ni kazi nzuri, na ni fundisho kuwa unaweza kumbana mgeni kwa kukata chakula chake. Swali langu ni kama siku moja mtu atapata njia kama hiyo kwa nyoka. Kama mijusi kafiri wageni ndio jiko la nyoka, basi kuwapunguza wao angalau kwenye eneo fulani lililozungushiwa uzio, tuseme rasi moja, kunaweza kufungua mlango wa kuwarudisha mkia-bluu kwenye udongo wao. Ni ngumu na ni ghali, uzio wa kuzuia nyoka mwembamba kwenye mvua za kitropiki unahitaji mtu wa kuukagua kila siku, tawi moja likiangukia juu yake ni daraja tayari. Lakini bila kujaribu kitu cha namna hiyo jina "Christmas" kwenye hawa mijusi litabaki kuwa historia.

Upande wa Cocos kazi kubwa sasa ni boti. Watu wa Home Island, kimoja kati ya vile visiwa viwili vinavyokaliwa, wanapita visiwani kuvua na kupumzika, na wana haki hiyo, ni kwao. Mizigo ya kutoka nje inashuka. Nyoka yule alivuka kuingia Christmas kwa njia ya kawaida kabisa, ndani ya shehena, na meli na ndege zinazokwenda Cocos nyingine zinapitia Christmas hiyo hiyo. Kwa hiyo mstari wa ulinzi wa mkia-bluu leo uko bandarini na uwanja wa ndege, kwenye ukaguzi wa makontena, kwa watu wa forodha na kwa familia zinazopakia boti zao wikendi. Wakiwa sehemu ya mpango tangu mwanzo, wakajua ni nini wanachokilinda na kwa nini tandu mmoja kwenye gunia ni habari ya kuripoti siku hiyo hiyo, mijusi wana nafasi. Hela za kulipia hilo zinapaswa kupangwa kwa miaka kumi kumi, sio kwa mradi wa miaka mitatu unaoisha na ripoti, kwa sababu nyoka akishaonekana Pulu Blan itakuwa tena ni kukimbizana na mifuko na nyavu.